Habari za mimea ya dawa zisiandikwe bila jina kamili la mmea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie namna magazeti yetu yanavyoandika habari za utafiti wa mimea. Karibuni nilisoma katika gazeti moja makala fupi iliyosifu majani ya pakanga kuwa tiba ya malaria, na pembeni yake ikawekwa picha kubwa ya mmea. Mmea ule haukuwa pakanga. Ulikuwa gugu karoti, ambalo majani yake yamechanika kwa namna inayoweza kumdanganya asiyelizoea, lakini maua yake madogo meupe hulitambulisha mara moja kwa yeyote aliyewahi kuling'oa kwa mikono mitupu akaambulia upele.

Sisi tunaofundisha biolojia tumezoea makosa ya picha, na huenda hilo ningelinyamazia. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba makala yenyewe haikuwa na neno hata moja ambalo lingemwezesha msomaji kuligundua kosa hilo. Haikutaja spishi, haikutaja sehemu ya mmea wala namna ya kuitayarisha, na haikusema kama majaribio yalifanywa kwa binadamu, kwa panya, au kwa vimelea vilivyooteshwa maabara.

Pakanga inayotoa dawa ya malaria, yaani Artemisia annua, na gugu karoti, yaani Parthenium hysterophorus, ni ndugu. Zote zimo katika jamii ya alizeti, ambayo ina spishi zaidi ya 30,000 na imeenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Pareto, letusi na kishona nguo ni za jamii hiyohiyo. Wanabotania huziweka pamoja hasa kwa sababu ya ua lao, ambalo kwa kweli si ua moja bali ni kichwa chenye maua madogo mengi yaliyosongamana. (Wanafunzi wengi hukataa kuliamini jambo hili mpaka wapasue kichwa cha alizeti na kuyaona maua hayo moja moja.)

Undugu huo unafika hadi kwenye kemikali, na hapo ndipo penye hatari. Mimea ya jamii hii inajulikana kwa kutengeneza kemikali chungu ziitwazo laktoni za seskwiterpeni, zinazoikinga dhidi ya wadudu na wanyama walao majani. Artemisinini, iliyo dawa, ni mojawapo. Parthenini, iliyo sumu ya gugu karoti, ni nyingine. Kila moja ina atomi 15 za kaboni, na aliyezitazama kwenye karatasi bila uzoefu angeweza kudhani zinafanya kazi moja. Hata hivyo, artemisinini ina daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, na daraja hilo huvunjika linapokutana na madini ya chuma yanayotokana na damu ambayo kimelea cha malaria kimeimeng'enya. Likishavunjika hutokea chembe kali zinazokiangamiza kimelea chenyewe. Parthenini haina daraja hilo. Kazi yake inayofahamika zaidi ni kujishikiza kwenye protini za ngozi na kuichokoza kinga ya mwili, na upele nilioutaja unatoka huko.

Anayedhani kwamba ninalipa jina uzito kupita kiasi na aitazame historia ya artemisinini. Mwaka 1967 China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, uliopewa jina la Mradi 523 kwa kuwa ulianza tarehe 23 Mei. Kikundi kilichoongozwa na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, kilikusanya maelezo ya dawa za asili zaidi ya 2,000, kikatayarisha vimiminika zaidi ya 380 kutokana na mimea takriban 200, na kuvijaribu kwa panya. Kimoja cha qinghao, jina la Kichina la mimea ya aina ya pakanga, kilionyesha matumaini, lakini kiliporudiwa matokeo yakayumba. Tu alirudi kwenye vitabu vya kale akakuta maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, aliyesema qinghao ilowekwe katika maji kisha ikamuliwe, bila kutaja kuichemsha. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Alipotumia etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, akapata kimiminika ambacho mwezi Oktoba 1971 kiliwaondolea panya vimelea vyote.

Ila joto lilikuwa nusu tu ya tatizo. Jina qinghao lilikuwa likitumiwa kwa spishi kadhaa zinazofanana, na iliyobeba artemisinini ilikuwa Artemisia annua. Ndani ya mmea huo nao dawa ilikuwa kwenye majani, na kiasi chake kilibadilika kulingana na mahali ulipoota na wakati ulipovunwa. Mtafiti ambaye angeandika "qinghao" tu katika daftari lake na kuishia hapo, mwenzake asingeweza kuyarudia majaribio yake. Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tatizo hilohilo tunalo katika Kiswahili, kwa kuwa neno pakanga watu hulitumia pia kwa Artemisia afra, ambayo artemisinini yake ni kidogo mno, kama ipo. Na hata aliyeipata Artemisia annua yenyewe asidhani kwamba chai ya majani yake ni sawa na dawa mseto. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, kiasi chake hutofautiana kati ya mmea na mmea, na hutoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupata nafuu kisha vimelea vilivyosalia vikazaliana upya. Ndiyo maana katika dawa mseto artemisinini huunganishwa na dawa nyingine inayodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai au unga wa artemisia katika kutibu au kuzuia malaria. Jambo hili makala niliyoisoma haikuligusa kabisa.

Wapo ndugu wengine wa jamii hii wanaotisha kuliko gugu karoti. Kusini mwa Afrika kuna Callilepis laureola, ambao Wazulu huuita impila, neno lenye maana ya afya. Mizizi yake imetumika tangu zamani katika tiba za asili, lakini ina sumu iitwayo atraktilosidi, inayozizuia seli kupata nishati, na madaktari wameeleza vifo vilivyotokana na kuharibika kwa ini na figo baada ya kuitumia. Spishi nyingi za seneshio nazo zina kemikali ziitwazo alkaloidi, zinazoziba mishipa midogo ya ini, na madhara yake huweza kujikusanya polepole bila mtumiaji kuyahusisha na mmea. Mtu anayekwenda porini akiwa na jina la mtaani na picha iliyokosewa ana nafasi gani ya kuitofautisha mimea hii?

Sisemi waandishi waache kuandika habari hizi. Pareto ni ushahidi kwamba zinaweza kuandikwa kwa ukamilifu na bado zikavutia. Tunajua kwamba spishi yake ni Tanacetum cinerariifolium, tunajua kwamba sumu yake imejaa zaidi kwenye vichwa vya maua, hasa kwenye vijitunda vyake, na kwamba inawaua wadudu kwa kuvuruga milango ya sodiamu katika neva zao. Kwa kuwa hali yake inafahamika kiasi hicho, wanakemia waliweza kuiga umbo la sumu hiyo na kuunda piretroidi, zinazotiwa leo katika vyandarua. Anayelala ndani ya chandarua chenye dawa, kisha akaugua na kumeza dawa mseto, ameifaidi jamii ya alizeti mara mbili.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba habari yoyote ya mmea wa dawa isipitishwe mpaka iwe na jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, njia ya kuitayarisha na hatua ambayo majaribio yamefikia. Picha nayo ionyeshwe kwanza kwa mtu anayeijua mimea. Gazeti lililochapisha ile picha ya gugu karoti nimeliandikia pia, na naamini litaisahihisha kabla msomaji wake yeyote hajaenda kuchuma.

Msomaji wako,
Mwalimu wa biolojia