Sentrioli si kizazi cha bakteria

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile makala ya ukurasa wa elimu imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako kadai kwamba sentrioli, kile kijiti kinachopanga mikrotubuli (vijibomba vyembamba vya protini) ndani ya seli, ilikuwa bakteria iliyomezwa zamani kama mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Kisha akaongeza kuwa mimea haina sentrioli kabisa.

Dhana hiyo ya bakteria aliitoa mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis mwaka 1967. Kuhusu mitokondria na kloroplasti alipatia, na heshima yake anayo. Kwa sentrioli ushahidi ulimkataa: haina DNA yake wala utando. Mwaka 1989 watafiti walidai wameiona DNA kwenye shina la vijimkia, vinywele vyembamba vya seli, vya mwani wa seli moja. Uchunguzi uliporudiwa, ikakutwa ndani ya kiini. Seli ya kale iliyotuzaa sisi, mimea na kuvu ilikwisha kuwa na sentrioli, seti tisa za mikrotubuli tatu tatu, na kazi yake ilikuwa kuotesha kijimkia. Mwaka 2006 nzi wa matunda wasio na sentrioli walikua wakawa nzi kamili. Walikufa baadaye, na kilichowaua ni kukosa vijimkia kwenye neva zao za hisia.

Sasa sikia madhara yake. Mjukuu wangu wa kidato cha nne aliandika kwenye jaribio kwamba kangaga hutengeneza sentrioli inapounda mbegu za kiume. Akawekewa kosa kwa kalamu nyekundu. Alipouliza, mwalimu akamtolea kipande cha gazeti lako kilichokunjwa ndani ya daftari la maandalio. Mtoto alikuwa sahihi! Mbegu hizo huogelea majini kulifuata yai, na bila sentrioli hakuna kijimkia. Waliozipoteza ni mimea ya maua na jamii ya misonobari. Hata saikadi, ule mmea mfano wa mnazi mfupi ulioko misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, mbegu zake za kiume zina maelfu ya vijimkia. Na watoto watayajuaje haya, ikiwa hadubini za shule zimefungiwa kabatini na hutolewa wakaguzi wakija tu? Miaka minne wanachora seli kwa kunakili ubao. Inauma sana.

Chapa masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla ya mtihani wa taifa, pamoja na mchoro wa sentrioli iliyokatwa kwa upana, seti zote tisa zihesabike. Na alama ya mtoto irudishwe.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Tanga