Ndama ndiye shahidi wa mama yake

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja wa hapa Goma aliandika katika gazeti lenu kwamba anayenunua ng'ombe wa nyama mwenye ndama atazame kwanza manyoya yanayong'aa, tumbo lililojaa na urefu wa pembe. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Tumbo hujazwa kwa chumvi ya jioni na maji ya asubuhi, na pembe ndefu za ng'ombe wa aina ya Ankole, hata zikipendeza namna gani, hazinyonyeshi.

Nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kudanganywa. Ng'ombe niliyemnunua alikuwa mnene, kiwele kimetuna, na kando yake amefungwa ndama mzuri. Nilipowafikisha malishoni Masisi na kumfungua ndama, yule jike alimnusa mara moja akampiga teke. Hakuwa wake. Kiwele nacho kilikuwa kimetuna kwa sababu hakikukamuliwa tangu jana yake.

Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla sijaona ndama akinyonya. Namwomba muuzaji amfungue, nami nasimama kando kimya. Ndama wa kweli huenda moja kwa moja, hukipiga kiwele kwa kichwa huku mkia ukichezacheza, na mama humnusa matakoni akiendelea kucheua. Akishashiba, napapasa chuchu zote nne, ambazo zinapaswa kuwa laini na zenye mate. Iliyobaki ngumu na kavu huenda imeziba au ina ugonjwa, na ile nene kama chupa, kwenye kiwele kinachoning'inia hadi magotini, ndama mchanga hushindwa kuishika kinywani. Jambo hilo si dogo, kwa maana ndama huzaliwa bila kinga ya mama yake. Huipata katika dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, ambayo yafaa ainywe ndani ya saa 6 za kwanza, kwani baada ya siku moja hivi utumbo wake hauipokei tena.

Kwa ndama mwenyewe natafuta kitovu kikavu kisichovimba, mkia usiogandamana kinyesi na mapaja yaliyojaa. Napapasa pia chini ya masikio na mbele ya bega, kwa sababu tezi zilizovimba hapo huweza kuwa dalili ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Wataalamu huupima unono wa mama kwa alama 1 (aliyekonda sana) hadi 5 (aliyenona sana), wakipapasa mbavu, nyonga na shina la mkia. Anayenyonyesha akiwa na alama 2, na ndama wake ni mzito, namchukua kabla ya yule wa alama 4 ambaye mbavu za ndama wake zinahesabika, kwa kuwa unono wa yule wa kwanza umekwenda kwenye maziwa. Mwisho namfunua mdomo: meno ya mbele yako chini tu, nayo ni 8, mawili ya kwanza ya kudumu huota akikaribia miaka 2. Yakiwa yamebaki vigutu, ng'ombe ni mzee, nami simsikilizi muuzaji anayedai kuwa huo ni uzao wa pili tu.

Yule ndama nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe mwingine. Mama yake wa bandia nilimuuza kwa mchinjaji wa Sake, kwa hasara.

Mfugaji, Goma