Ganzi ya mikono isitibiwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu, hasa sisi tunaoishi kwa kazi za mikono, wasikubali kuuziwa dawa ya ganzi kabla hawajaulizwa ni vidole vipi vinavyokufa ganzi, na ni wakati gani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka juzi mkono wangu wa kulia ulianza kuniamsha usiku wa manane, ukiwa mzito na kuchomachoma kama unaotembelewa na sisimizi, nami sikupata nafuu mpaka niukung'ute kando ya kitanda. Mchana sindano ikawa inaniponyoka bila kuhisi. Kwenye duka la dawa niliambiwa damu haitembei vizuri, nikauziwa vidonge vya vitamini, nikavimeza kwa miezi mitano.

Kumbe damu haikuwa na kosa. Daktari mmoja ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: vidole vipi? Vilikuwa gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Cha mwisho kilikuwa salama kabisa. Akanikunjisha vifundo vya mikono kwa muda wa dakika moja tu, na ganzi ikaja pale pale. Alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupita kifundoni katika njia nyembamba pamoja na kano, na njia hiyo ikisongwa na uvimbe, uwe wa kazi ya kukunjakunja mkono, wa ujauzito au wa maradhi kama kisukari, mshipa hubanwa. Nilivaa gango la kunyoosha kifundo kila usiku, na baada ya wiki kadhaa nikaanza kulala hadi alfajiri.

Linaloniumiza zaidi ni la fundi mwenzangu. Yeye ganzi yake ilikuwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, ambavyo huhudumiwa na mshipa mwingine unaopita nyuma ya kiwiko. Siku moja nilisikia harufu ya ngozi inayoungua, nikageuka, nikaona ubavu wa kiganja chake umegusa pasi ya mkaa, naye anaendelea kuzungumza na mteja. Juu ya kiwiko alikuwa na baka lililopauka, lisilowasha wala kuuma, ambalo alilipaka dawa ya fangasi kwa muda mrefu. Ulikuwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, huponya, na humezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Lakini mshipa uliokwisha kuharibika haurudishwi na vidonge, na vidole vyake viwili vimebaki vimejikunja.

Wapo wengine wanaohitaji kuulizwa zaidi. Anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kupata ganzi kwa sababu ya isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, ndiyo maana hupewa vitamini B6. Mwenye kisukari aliyetumia dawa ya metfomini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12. Hao vitamini inawafaa, tena kwa kipimo. Lakini B6 hiyo hiyo, ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi, jambo ambalo muuzaji wangu hakunigusia. Na ganzi inayoshika ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda kombo au maneno yakakwama, huenda ikawa kiharusi: mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya uchapishe mchoro wa mkono unaoonyesha kila mshipa unahudumia vidole vipi, ili msomaji aukate na kwenda nao kwa daktari. Mimi nitaubandika ukutani, juu ya cherehani yangu.

Fundi cherehani,
Tanga