Mwanangu, umeshasema "sisi", basi na la Lumumba ni lenu

Mwanangu,

Video ya siku uliyokula kiapo cha uraia wa Marekani tumeiangalia hapa Kigoma mara tatu, simu inazunguka mkono kwa mkono mpaka chaji ikaisha. Umevaa suti, mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika kile kibendera, na mama yako pembeni na kitenge chake cha bluu analia. Na mi nililia. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenye nyumba ya tope na turubai leo ana nchi inayomtambua, hilo si jambo dogo, na sitaki uone kama naandika haya kukuharibia furaha.

Ila ile voisi uliyonitumia wiki iliyofuata imenikosesha usingizi. Ulisema, "mama mdogo, watu wa Congo wanapenda sana kulaumu, sisi Wamarekani tumewasaidia mno". Nimeirudia sijui mara ngapi na kilichonichoma sio hiyo lawama, ni hilo neno sisi. Ni haki yako kulisema, umeapa. Lakini mtu akiingia kwenye ukoo anarithi shamba na anarithi madeni, hachagui, na ndo maana nakuandikia hadharani manake najua vijana kama wewe mko wengi huko Kentucky, Texas, Arizona, na wengi hamjahadithiwa.

Lumumba unamjua kwa picha, yule wa miwani. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, yeye waziri mkuu, ana miaka 34. Hata miezi miwili haijaisha, tarehe 26 Agosti, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles anatuma telegramu Léopoldville, ndo Kinshasa ya leo, kwamba kumwondoa huyu mtu ni kazi ya kwanza na ya haraka. Mwezi wa tisa mkemia wao Sidney Gottlieb anapanda ndege na sumu, anamkabidhi Larry Devlin aliyekuwa mkuu wa CIA pale mjini, na kumwelekeza kwamba inaweza kuwekwa kwenye chakula au kwenye dawa ya meno. Dawa ya meno, mwanangu. Mtu ana watoto wadogo ndani, anaamka asubuhi anachukua mswaki wake.

Sumu haikutumika, Devlin mwenyewe alikuja kusema aliitupa mtoni. Lakini Mobutu alishapindua tarehe 14 Septemba huku Devlin akimuunga mkono, Lumumba akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akapakiwa kwenye ndege na wenzake wawili, Mpolo na Okito, wakapigwa njia nzima mpaka Élisabethville (Lubumbashi sasa) na usiku uleule wakapigwa risasi, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Alafu afisa wa polisi Mbelgiji akafukua miili akaiyeyusha kwenye tindikali, akabaki na meno. Jino moja ndo lilirudi, tarehe 20 Juni 2022, serikali ya Ubelgiji ikawakabidhi watoto wake pale Brussels likiwa kwenye kisanduku kidogo, na Kinshasa wakalizika tarehe 30 Juni.

Sasa angalia Wabelgiji. Bunge lao liliunda tume mwaka 2000, mwaka uliofuata ikasema baadhi ya waliokuwa kwenye serikali yao na Wabelgiji wengine wanabeba wajibu wa kimaadili kwa kifo kile, na 2002 waziri wa mambo ya nje Louis Michel akaomba radhi. Hawajamaliza, wala siwasifii. Tume yao nyingine ya mambo ya ukoloni ilivunjika Desemba 2022 kwa kushindwa kukubaliana kuhusu kuomba msamaha, waliogopa wakisema samahani wataombwa na fidia. Lakini wanagombana wenyewe kwa wenyewe, bungeni kwao, watoto wao wanasikia.

Marekani yako je? Kuna kitu nakiheshimu sana: haya mengi ya sumu na telegramu tumeyajua kutoka kwa Wamarekani wenyewe. Mwaka 1975 kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilichimba na kuandika, na 1976 Rais Ford akapiga marufuku mauaji ya kisiasa. Kamati ilisema mpango wa kumuua ulikuwepo ila haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika kwenye kifo chenyewe. Sawa, tuchukue hivohivo. Lakini baada ya kuandika yote hayo, nani alikwenda kumwambia mjane wake samahani? Mobutu ndo alikuwa anakaribishwa Ikulu yao, kwa Kennedy 1963 mpaka kwa Bush 1989, akatawala miaka 32, pesa na silaha za Marekani zikiendelea kuingia sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Na hii ni ya nyumbani kabisa. Bibi yako alikuwa msichana pale Baraka, upande wa Congo wa ziwa, wakati wa vita ya waasi wa Simba na serikali, 1964, 1965. CIA walikuwa na ndege zao zinarushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, na boti zao humu humu kwenye ziwa letu Tanganyika. Bibi hakujua CIA ni nini na mpaka leo hajui, anachojua ni mlio. Sisi tumekua tunamuona anatwanga sombe, ndege ya abiria ikipita kwenda uwanja wa hapa Kigoma anasimama, mchi ameubana kifuani, macho juu, hasemi kitu mpaka sauti iishe, ndo anaendelea. Mi nilidhani bibi wote wanafanya hivo.

Vita ya 1996 sisemi ililetwa na Marekani, ina wenyewe wengi. Ila nchi aliyoiacha Mobutu haikuwa na barabara wala hospitali za maana, na askari hawalipwi. Hiyo ndo nchi mama yako aliikimbia usiku kwa boti, kaka yako mgongoni na sufuria moja. Na alipofika huku mafuta ya kwanza aliyopewa kambini yalikuwa kwenye kopo la USAID, msaada wa Marekani, nalikumbuka lile kopo, lilipoisha mafuta alilifanya la kupimia unga miaka na miaka. Kwahiyo usifikiri sijui mlichotupa. Nataka tu yote mawili yakae kwenye hesabu moja, kopo na ile sumu.

Usiniambie serikali kubwa haziwezi. Clinton alikwenda Guatemala 1999 akasema wazi kuunga mkono wanajeshi waliotesa na kuua watu kule lilikuwa kosa. Obama alifika Laos 2016, nchi waliyoimwagia zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, akasema wana wajibu wa kimaadili kuwasaidia wapone, na akatoa ahadi ya dola milioni 90 za kutegua yaliyobaki ardhini. Hayakutosha, lakini yalisemwa, na mtu mzima wa kule aliyesikia amesikia.

Sasa wewe una kura na una mbunge wako huko, mi sina. Mwandikie. Mwambie ulizaliwa wapi, bibi yako ni wa wapi, muulize kwanini nchi yenu haijamwomba radhi mtu yeyote kwa ajili ya Lumumba na inangoja nini. Akikujibu, hata kama ni mistari miwili, nitumie nimsomee bibi, masikio bado yanasikia vizuri.

Mwambie mama yako kitenge kimempendeza.

Mama yako mdogo,
Kigoma