Mwembe Usikatwe: Mtandao wa Jamii Unaweza Kupita Pembeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotugusa baadhi ya wakazi wa Bagamoyo, sisi tunaotumia mtandao wa intaneti tulioujenga kwa kuchangiana, ambao unaanzia juu ya paa la shule na kufika madrasa, zahanati na nyumba kadhaa za jirani. Kwa miezi kadhaa sasa zahanati haipati mawimbi ya kutegemewa, na katika kikao cha mtaa yametolewa mapendekezo mawili: ama ukatwe mwembe mkubwa uliosimama kati ya shule na zahanati, ama inunuliwe antena yenye nguvu zaidi. Mimi ni mmoja wa wanaopanda mapaa kuuhudumia mtandao huo, na sikubaliani na pendekezo lolote kati ya hayo.

Kwamba mwembe unazuia mawimbi, hilo ni kweli. Nilipanda paa la zahanati nikiwa na simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi. Nikiwa kwenye kona ya magharibi, ambako matawi hayafiki, nilisoma desibeli 71 za kutoa (namba ya kutoa ikizidi kuwa kubwa, mawimbi ni dhaifu zaidi). Nilipopiga hatua sita hivi hadi nyuma ya majani, zikawa 84 za kutoa. Tofauti ya 13 inaonekana ndogo kwa macho, lakini katika hesabu za desibeli maana yake ni kwamba tumebakiwa na sehemu moja tu kati ya 20 ya nguvu ya awali. Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, na majani yakiwa bado yanadondosha maji mawasiliano yalikatika kabisa, kwa sababu maji hunyonya mawimbi na jani bichi lenyewe limejaa maji. Ndiyo maana wahudumu wa zahanati hulalamika zaidi wakati wa masika.

Wengi hudhani kwamba ukisimama kwenye antena moja ukaiona nyingine, hata kwa kuchungulia katikati ya matawi, basi kazi imekwisha. Sivyo. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa. Yanahitaji nafasi inayozunguka mstari huo, ambayo huitwa eneo la Fresnel kwa jina la mwanafizikia wa Kifaransa. Umbo lake ni kama mtumbwi, limechongoka ncha zote mbili na kupanuka katikati. Kutoka shuleni hadi zahanati ni kama mita 800, na kwa masafa ya gigahezi 2.4 tunayotumia, nafasi hiyo hufikia karibu mita 5 kila upande wa mstari pale katikati ya safari. Walau asilimia 60 ya kipimo hicho, yaani mita 3, inapaswa kuwa wazi. Mwembe wetu umesimama pale pale katikati, na hata tukiupunguza matawi, yatachipua tena kabla hatujamaliza kulipa deni la vifaa.

Antena yenye nguvu zaidi nayo haitatusaidia kama tunavyoaminishwa. Fundi mmoja alikwisha kutuuzia moja, tukachanga tukainunua, na zahanati ikabaki vile vile. Mawasiliano ni ya pande mbili: tukiongeza nguvu ya kurusha upande wa shule tu, shule itapaza sauti na zahanati itabaki inanong'ona, na shule haitasikia jibu. Tena nguvu ya kurusha ina mipaka ya kisheria, na anayeizidisha huwavuruga majirani wanaotumia masafa hayo hayo. Wapo waliopendekeza masafa ya chini yaliyoachwa wazi na televisheni, ambayo wenzetu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wameyatumia na ambayo kwa hakika hupenya majani vizuri zaidi. Hata hivyo vifaa vyake ni ghali, na tatizo letu ni mti mmoja.

Ninachopendekeza ni kuuzunguka. Ipo nyumba upande wa ufukweni ambayo paa lake linaonekana vizuri kutoka shuleni na pia kutoka ile kona ya magharibi ya zahanati. Kutoka shuleni hadi hapo ni kama mita 500, na kutoka hapo hadi zahanati kama mita 600. Tukisimamisha bomba la chuma lenye antena mbili, moja ikitazama shule na nyingine zahanati, mwembe utabaki pembeni kabisa ya njia zote mbili. Jambo la kuzingatia ni kwamba ruta, yaani kifaa cha kugawa mtandao, yenye redio moja (sehemu inayorusha na kupokea mawimbi) ikipokea na kurusha kwa chaneli ile ile, kasi hupungua kwa takribani nusu, kwa kuwa haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ziwekwe redio mbili, kila moja na chaneli yake. Bomba lifungwe waya wa ardhi kwa ajili ya radi, na viungo vya nyaya vizibwe vizuri, kwani upepo wa chumvi wa hapa hula shaba kwa muda mfupi sana.

Njia hii hii ndiyo itakayotufikisha Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, ambako kizuizi ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Hizo hazipenywi kwa kuongeza nguvu. Hupitwa juu, kutoka paa hadi paa. Huko, hata hivyo, mtu asitoboe ukuta wala kufunga bomba bila kibali cha wenye dhamana ya mambo ya kale, maana majengo hayo yanalindwa kwa sheria.

Kinachotukwamisha sasa si ufundi, ni makubaliano. Mwenye nyumba ya ufukweni anauliza, na ana haki ya kuuliza, nani atalipa umeme, nani atarekebisha bati likivuja, na yeye atapata nini. Wanakijiji wa Mankosi, nchini Afrika Kusini, walioanzisha ushirika wa mtandao uitwao Zenzeleni, waliweka vituo vyao kwenye nyumba za watu pamoja na betri za umeme wa jua, na betri hizo hizo zikawa zinachaji simu za majirani kwa malipo. Nasi tunaweza kumwekea mwenye nyumba paneli ndogo na kumpa intaneti bila malipo, yote yakiandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili hata nyumba ikirithiwa makubaliano yafahamike.

Chini ya mwembe huo wavuvi hushona nyavu na mama lishe hupika tangu alfajiri, nao hawakualikwa kwenye kikao kilichozungumzia kuukata. Naiomba kamati ya mtaa iwaite kwenye kikao kijacho, na kabla ya siku hiyo wajumbe wapande nami kwenye paa la zahanati wakati wa asubuhi, wasimame kwenye kona ya magharibi na kuitazama nyumba ya ufukweni. Ngazi ninayo.

Msomaji wako,
Bagamoyo