Mchezo usioandikwa hauandaliwi kwa siku tatu

Bwana Mhariri,

Husikika sana hapa Lubumbashi kwamba vikundi vidogo vya teatre (michezo ya kuigiza) vya mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo vimeishiwa, kwamba simu zimevimaliza. Simu tusizisingizie. Wanaoviua ni wanaoagiza mchezo wa kufundisha juu ya malaria Jumanne na kuutaka Jumamosi. Kwa kuwa wachezaji hawashiki karatasi, hao hudhani hawahitaji muda.

Kumbe mchezo wa namna hii ndio unaokula muda zaidi. Kikundi cha Mufwankolo, kilichovuma kwa redio na televisheni, kilijenga michezo yake hivyo, bila kuiandika, kwa Kiswahili cha hapa: wazo linaletwa, linabishaniwa, visa vinapangwa, kisha kila mtu anatafuta maneno yake. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwafuata hatua kwa hatua wakifanyia kazi msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Kule kubishana juu ya maana ya msemo kulikuwa kazi tayari.

Kwa mchezo wa dakika 40 wenye wachezaji 8 hadi 10, weka majuma 6, mazoezi mara 3 kwa juma, saa 2 kila mara. Juma la kwanza watu wakae, wazungumze. La pili na la tatu mchezo hunenepa: kisa cha dakika 5 kinafika 15, maana kila mchekeshaji ameona pa kuchomeka chake. Yanayobaki ni ya kukata. Mwenye haraka huuchukua mchezo ukiwa bado mnene: watu wanasema kwa pamoja, wanawapa watazamaji mgongo, na funzo linabandikwa mwishoni na yule aliyevaa koti la daktari (huyo daktari tumemchoka).

Kisha kuna mchezaji anayepata kazi mji mwingine, Kolwezi, na kuondoka na nafasi yake kichwani. Wekeni kaye (daftari) mbili kwa watu wawili: katika kila kisa, nani anaingia, ameshika nini, jambo gani lazima lisemwe, na sentensi gani inamwita anayefuata. Msiandike maneno yote. Yakiandikwa, watu hukariri na Kiswahili kinageuka cha darasani.

Mahali nako kuna hesabu yake. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua juu ya mabati hufunika sauti yoyote, basi muda huo ni wa mazoezi. Onyesho la uwanjani lingoje kiangazi, lianze saa tisa na nusu alasiri, kwa kuwa mwezi wa Juni giza huingia karibu saa kumi na mbili. Wachezaji wawe na ukuta nyuma yao ili sauti irudi mbele. Watazamaji wakae jua likiwa mgongoni mwao. Kwa watu 150 maikrofoni haihitajiki: zikiwa mbili tu, wachezaji wote hurundikana hapo. Jenereta ikiwapo, ikae nyuma ya nyumba, mbali.

Kwa hiyo mashirika yanayoagiza michezo yalipe nauli za majuma yote 6, si posho ya siku ya onyesho peke yake. Parokia na shule zenye ukumbi ziufungue Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na moja, na ufunguo ukabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana. Mazoezi mengi huvunjika kwa kukosa ufunguo tu.

Wapenzi wawili wa teatre,
Katuba, Lubumbashi