Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa darasa la kumi na mbili

Wajukuu zangu, salamu. Nyie mliozaliwa kambini Nyarugusu, nyie wa Uvira na Bukavu, wa Mombasa na Tanga, na nyie mliozaliwa hapa hapa Iowa, Marekani, mkaijua theluji kabla ya kulijua embe: nyote mnaniita Bibi, na kwa jina hilo ndiyo nimepata ujasiri wa kuandika. Wazazi wenu nao wasome, maana sehemu kubwa ya hasira yangu inawahusu wao.

Jumamosi iliyopita niliitwa ukumbini kuwasaidia kupitia fomu za kuomba vyuo. Nilifika na miwani yangu na chupa ya chai. Kijana mmoja, simtaji, akanisogezea kompyuta. Kwenye sehemu ya shughuli alikuwa ameandika kwamba yeye ni mwanzilishi na mwenyekiti wa shirika linalolea yatima Tanzania. Nikamuuliza, "Baba, shirika lenyewe liko mkoa gani?" Akainamisha kichwa. "Yatima wako wangapi?" Mama yake ndiye aliyejibu: kuna bwana wamemlipa, anajua vyuo vinapenda nini, kasema waandike hivyo na picha moja ya likizo ya Dodoma itatosha.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Uongo nimeuona mwingi katika maisha yangu, lakini kijana huyu namjua. Kila Alhamisi anatoka shule saa saba mchana, anapanda basi na bibi yake mpaka hospitali bibi akasafishwe damu, anakaa pembeni ya kiti saa nne nzima, na kila daktari au muuguzi anapoingia yeye ndiye anayegeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Anajua bibi yake alikuwa na kilo ngapi kabla ya mashine na kilo ngapi baada ya mashine. Anajua kwa nini ndizi zimekatazwa. Mwaka wa pili huu. Na kwenye fomu hakuna herufi hata moja ya habari hiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa adabu kabisa: "Bibi, hiyo si shughuli. Hiyo ni nyumbani tu."

Neno hilo "nyumbani tu" ndilo lililonitoa kitandani nikashika kalamu.

Mnajua nilifanya kazi miaka 19 katika maktaba ya sekondari ya mji mdogo wa hapa Iowa. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya ramani, kulikuwa na vitabu vya mwaka vya shule ile, vile vyenye picha za wanafunzi wote, na vya miaka ya 1950 vilikuwa vimejaa vumbi kiasi kwamba nilikuwa navipangusa kwa kitambaa chenye maji. Nilipokuwa navipangusa nilikuwa navisoma. Kila wa darasa la mwisho ana picha yake, wavulana wamevaa tai, wasichana mkufu wa lulu shingoni, na chini ya picha kuna orodha: Kwaya 1, 2, 3, 4. Bendi 1, 2. Kikapu 2, 3, 4. Gazeti la shule 3. Igizo la darasa 4. Tarakimu hizo ni miaka: alikuwamo mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne. Darasa zima wakati mwingine ni watoto 19. Kwa hiyo mvulana yuleyule aliyepiga tarumbeta ndiye aliyecheza kikapu, ndiye aliyepanda jukwaani kuigiza mchungaji, kwa sababu asipojitokeza yeye hakuna bendi, hakuna timu, hakuna igizo. Shughuli zilimhitaji. (Mwaka 1959 James Conant, aliyewahi kuwa mkuu wa Harvard, alitoa ripoti akisema sekondari inapaswa kuwa na wahitimu wasiopungua 100 kwa mwaka. Shule nyingi ndogo za huku zikaunganishwa. Masomo ya sayansi yaliongezeka, sikatai, ila ukiwa shule kubwa unaweza kupita miaka minne bila mtu kujua kwamba unaweza kuimba.)

Wasichana wa Iowa walikuwa na mpira wao wa kikapu wa sita kwa sita: watatu washambuliaji nusu hii, watatu walinzi nusu ile, hakuna kuvuka mstari wa katikati, na ukidundisha mara mbili lazima utoe pasi au urushe. Mji mzima ulikuwa unafunga maduka kwenda Des Moines, mji mkuu wa Iowa, kutazama fainali. Wavulana wa shamba walivaa koti la bluu la kodrai la FFA, chama cha vijana wakulima, na wasichana hawakupokelewa humo mpaka 1969. Na kiangazi wote, wa kike na wa kiume, walikuwa mashambani kung'oa mbelewele. Mahindi ya mbegu yanapandwa mistari ya mama na mistari ya baba, na mbelewele za mistari ya mama lazima zitoke kabla hazijamwaga chavua. Unaingia shambani alfajiri, umande unakulowesha mpaka kiunoni, jua likipanda majani yanakuchana mikono kama wembe. Kuna mzee mmoja wa pale mjini aliyekuja maktaba kutafuta picha ya marehemu mkewe. Alinionyesha kwa kidole orodha yake mwenyewe, akasema mbelewele hazikuandikwa humo lakini ndizo zilizomlipia muhula wa kwanza wa chuo.

Mwisho wa mwaka gazeti la shule lilichapisha mipango ya kila mmoja, mstari mmoja mmoja. Huyu anakwenda chuo cha ualimu Cedar Falls. Huyu Ames, kilimo. Huyu jeshi la majini. Huyu anaolewa Juni. Huyu anabaki shambani na baba yake. Basi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Orodha zile zilisomwa na watu waliokuwa wanawajua wale watoto. Mwenye bucha, mchungaji, mwalimu wa kwaya, jirani aliyewaona wakikua, wote walikuwa na kitabu kile sebuleni. Ungeandika kwamba umeanzisha nyumba ya yatima, mwenye bucha angekuuliza Jumatatu iko barabara gani. Orodha yako wewe inasomwa na mtu usiyemjua, aliye mbali, kwa dakika chache, na ndiyo maana yule bwana wa kulipwa amepata mlango wa kuingilia. Kwa hiyo nawapa kipimo kimoja. Mkishamaliza kuandika, msomeeni kwa sauti mtu anayewajua. Bibi yenu, dada yenu mdogo, kocha. Akicheka mahali, pafuteni. Akisema "mbona umesahau jambo fulani", liandikeni.

Na "nyumbani tu" iandikeni. Fomu ya Common App, ile moja inayotumwa vyuo vingi, ina nafasi kumi za shughuli, na katika aina wanazokupa uchague, majukumu ya familia yamo, na kazi ya mshahara imo. Imeandikwa humo kwa herufi kubwa na mmeipita kama mlango wa stoo. Wewe binti unayefunga nyama kiwandani Jumamosi na Jumapili, iandike, na uweke saa. Wewe unayelea wadogo zako watatu mama akiwa zamu ya usiku, iandike. Wewe unayemjazia baba fomu za bima na za kodi tangu darasa la saba, iandike. Mtu anayeweza kusimama kati ya daktari na bibi anayeumwa, akachagua maneno yasiyomtisha bibi na yasiyomdanganya daktari, ana elimu ambayo wengi wanaipata wakiwa watu wazima. Mnanikasirisha mnapoificha, kana kwamba mnaona haya kuwa wa nyumba zenu.

Msinielewe vibaya mkadhani nasema zamani ilikuwa pepo. Katika vitabu vile sikuona uso mmoja mweusi. Wasichana wenye alama za juu kuliko wavulana wote wameandikiwa ukatibu, uuguzi, ualimu, ndoa. Miaka ile nusu ya wanawake wa Marekani waliolewa kwa mara ya kwanza wakiwa na takriban miaka 20 au chini. Na hilo neno "shughuli" lenyewe limetumika kuumiza watu. Septemba 1957 watoto tisa weusi waliingia Central High ya Little Rock, Arkansas, wakilindwa na askari wenye bunduki. Wakaruhusiwa kukaa darasani, lakini kwaya, bendi, michezo, hakuna ruhusa. Mmoja wao, Ernest Green, ndiye peke yake aliyekuwa darasa la mwisho. Mei 1958 jina lake likaitwa katikati ya wahitimu wapatao 600, Martin Luther King akiwa amekaa uwanjani na familia ya Green, na wengine wote walikuwa wanapigiwa makofi, yeye akapita kimya kimetanda. Mwaka wa masomo uliofuata gavana akafunga sekondari za mji ule ili weupe na weusi wasisome pamoja. Watoto wakakosa mwaka mzima katika shule zao, lakini mpira wa miguu wa Kimarekani uliendelea kuchezwa. Madarasa yamefungwa, mechi zinaendelea! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje.

Tena mjue swali la "tabia" na shughuli lilianzia wapi. Vyuo vikubwa vya mashariki, Harvard, Yale, Princeton, vilianza kulikazia miaka ya 1920, na sababu mojawapo ni kwamba vijana wa Kiyahudi walikuwa wanashinda mitihani mno na wakubwa hawakuwataka wengi. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba orodha hii ndiyo mizani ya ubinadamu wenu, mwambieni mna bibi aliyekuwa maktaba.

Nalaumu na nchi hii pia. Mwaka 1944 ilitunga sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, na zaidi ya milioni mbili wakaingia vyuoni. Warusi waliporusha Sputnik Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka, na 1958 wakatoa mikopo ya hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na aliyekwenda kufundisha shule za umma akasamehewa hadi nusu. Walipotaka, waliweza. Leo mtoto wa miaka 17 anawekewa saini ya deni litakalomfuata mpaka atakapokuwa na watoto wa kwake, halafu tunamwambia tatizo ni kwamba hakuanzisha shirika.

Na sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna la kuona haya zaidi, maana tuna waliotutangulia. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, safari iliyopangwa na Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, na marafiki zake wa Marekani. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango. Mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Hadi 1963 walikuwa wamevuka karibu wanafunzi 800. Wangari Maathai alikuja mwaka ule wa 1960, akasoma biolojia chuo kidogo cha masista Atchison, Kansas, si mbali sana na hapa, akamaliza 1964. Hakikuwa chuo cha kujitangazia harusini. Na kabla ya safari zile, vijiji vilichangishana, watu wakaleta walichonacho, kwa sababu mtoto anayeondoka walikuwa wanamjua: wanajua ni mtoto wa nani, wanajua alikuwa anachota maji mto gani. Walitumwa na watu waliowajua. Hiyo ndiyo barua yao ya utambulisho.

Mengine nayasema kwa kifupi, mmeshayasikia. FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, jazeni mapema, msingoje Februari. Chuo cha jamii cha miaka miwili si aibu. Msichukue mkopo ili mpate fulana yenye jina la chuo kikubwa. Mwalimu aliyewaandikia barua, mrudieni mumshukuru kwa mdomo. Laleni.

Wazazi, dada zangu na kaka zangu. Acheni kuuliza "wa kwako kapata wapi?" mlangoni kwa kanisa na msikitini watoto wakiwa wanasikia. Acheni kumlipa yule bwana. Nimesikia kiasi mnachompa na nimeona mikono yenu inavyotoka kwenye mashine za kiwandani. Pesa ile ni vitabu vya mwaka mzima. Na mtoto wako anapokutafsiria kwa mwenye nyumba au kwa mwanasheria, mwambie asante. Wengi wenu hamjawahi kuwaambia, ndiyo maana na wao wanaona si kazi.

Yule kijana alinipigia jana jioni. Amefuta yatima. Amekwama kwenye maneno, kwa sababu kila nafasi ina herufi 150 tu na anataka jina la mashine liwemo. Nimemwambia aje nalo tulipime pamoja.

Jumamosi hii nitakuwa ukumbini kuanzia saa nane mchana, meza ya karibu na jikoni. Njooni na fomu, na kila mmoja aje na mtu anayemjua. Chai ipo. Maandazi leteni nyie.

Bibi yenu wa maktaba